Tarumbeta Ambalo Mwalimu Hakulisikia

Usiku ule nililala mapema, nimenuna. Jioni yake kikundi chetu cha matarumbeta cha usharika kilikuwa kimekaa baada ya mazoezi na kuniteua, kwa mara ya pili maishani mwangu, niende mjini kuchagua flugeli jipya. Kwa asiyelijua, flugeli ni ndugu wa tarumbeta: lina pistoni tatu kama mwenzake, ila mwili wake ni mnene zaidi na sauti yake haichomi, inafunika. Ndilo linalobeba wimbo tunapopiga makaburini alfajiri ya Pasaka, na ndilo linalotangulia tunapomzika mtu. Nilikataa. Wakasema, "Nani mwingine, Yona? Wewe ndiye uliyeaminiwa na Mwalimu." Wakafunga kwa sala, nami nikaitikia amina kama wenzangu.

Nyumbani sikula. Mke wangu, Nakijwa, akaniuliza nina nini, nikamjibu ni uchovu.

"Uchovu wa kuteuliwa," akasema, akifunika sahani yangu. "Wenzako wanautafuta."

Nikageukia ukutani. Sijui nilisinzia saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nimesimama mchana kweupe katika duka la vyombo vya muziki kule mjini. Ninalijua duka lile: magitaa yametundikwa ukutani, ngoma zimepangwa mlangoni, na matarumbeta yako ndani ya kabati la vioo. Ila sakafu yake leo ni ya udongo, imefagiwa na kunyunyiziwa maji kama sakafu ya chumba chetu cha zamani cha mazoezi. Katikati, juu ya kigoda, amekaa mtu amenipa kisogo. Amevaa koti la kijivu lililopauka mabegani. Nikaitambua ile shingo nyembamba kabla sijalitambua koti. Ni Mwalimu Naftali, mwenye miaka mitatu kaburini.

Hata sikushangaa kwamba amenipa kisogo. Ndivyo alivyokuwa akichagua. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kupiga, baba na watoto wao, na alituachia desturi moja ambayo vikundi vya sharika nyingine hututania kwayo mpaka leo: sisi hatununui tarumbeta kwa macho. Mpigaji anasimama huku, msikilizaji anakaa kule ng'ambo ya migomba, amegeuka. Linapigwa la kwanza, linapigwa la pili, naye anainua kidole kimoja au viwili. Hakuna mjadala. Na kwa miaka yote ile msikilizaji alikuwa yeye. "Jicho linapenda kung'aa," alikuwa akisema. "Mfiwa hana haja na kung'aa."

Mwenye duka anafungua kabati na kuyapanga mbele yangu matarumbeta matatu, yale yale ya miaka mitatu iliyopita. La kwanza ni la kifahari, na siku ile sikuligusa hata kwa kidole, kwa sababu fedha zetu zilikuwa za kati tu; zilitoka kwenye minada ya ndizi na kuku baada ya ibada, na akina mama wengine walinunua kuku wao wenyewe mara mbili ili kusukuma mchango. Basi shauri lilikuwa kati ya mawili yaliyobaki, na bei zao zilikaribiana. Moja limepakwa rangi ya fedha, linameta, na sanduku lake ndani lina kitambaa laini cha buluu. Jingine ni la shaba nyekundu iliyofifia, lina alama za vidole vya watu waliolishika wakaliacha, na mfuko wake ni wa turubai.

Nalichukua lile jekundu. Nazibonyeza pistoni, zinashuka na kupanda bila kusita. Navuta bomba dogo la pembeni huku nimebonyeza, linatoa mlio mfupi wa kizibo kinachong'oka, maana yake halivuji. Haya yote alitufundisha yeye. Nalileta mdomoni, navuta pumzi.

"Polepole," anasema Mwalimu, hajageuka.

Naelewa. Dukani kila tarumbeta likipigwa kwa nguvu ni zuri. Ubaya wake unajulikana likinong'ona. Napiga polepole, na sauti inayotoka ni kali, nyembamba, inapanda juu ya noti yake na kubaki huko. Natazama mikononi mwangu. Nimeshika lile la rangi ya fedha. Naliweka chini, nachukua jekundu, natazama, ni la fedha. Nafanya hivyo mara nyingi mpaka jasho linanitoka, na vidole vya Mwalimu vimelala juu ya magoti yake, hainui hata kimoja.

Kisha hakuna duka. Niko njiani napanda kwa Mwalimu, huku kwetu Upare, njia ya mawe inayopita kati ya kahawa na migomba. Mkono wa kulia nina sanduku, wa kushoto nina mfuko wa turubai, na mvua inanyesha. Ni Jumatano. Najua ni Jumatano kwa sababu Mama Eliza, mke wa Mwalimu, anateremka na kapu kichwani anakwenda gulioni. Ananipisha pembeni mwa njia.

"Nenda upesi," ananiambia. "Ameshakaa."

Nakaza mwendo. Napita mti wa kwanza wa mparachichi, napita kanisa dogo, napita kisima, halafu napita tena ule mparachichi wa kwanza. Miguu inakwenda, nyumba haifiki. Na hata ndani ya ndoto nilijua kwa nini haifiki. Njia ile siku ile sikuipanda.

Hapa lazima niseme yaliyotokea kweli, maana ndoto yenyewe ilijua na mimi nilijua. Mwenye duka alikuwa anaifahamu desturi yetu, akakubali nimwachie fedha na nichukue matarumbeta yote mawili kwa siku mbili ili Mwalimu ayasikilize. Mwalimu alikuwa mgonjwa, hatoki ndani. Nilimpelekea salamu kwamba Jumatano nitapanda. Jumatano nikafika njia panda, nikaingia kwenye mgahawa wa chai kujikinga mvua, nikakaa. Nikaagiza chai, nikaagiza na ya pili. Nilijiambia ni mvua. Mvua yenyewe ilikuwa ya kulowesha kofia tu. Ukweli ni kwamba usiku wa jana yake nilikuwa nimelala na lile sanduku la kitambaa cha buluu kando ya kitanda changu, nimelifungua na kulifunga kama mtoto, nimejiona nikitembea nalo mbele ya maandamano ya Pasaka huku jua likiliwakia. Nililipenda. Na nilijua kabisa kwamba Mwalimu akiyasikia yote mawili atainua vidole viwili, atachagua lile lililofifia. Niliogopa vidole vya mzee mgonjwa. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi nikarudisha lile jekundu mjini. Jioni nikaingia kwenye mazoezi na la rangi ya fedha, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama desturi inavyotaka, "Msikilizaji amesikia?" Nikajibu, "Amesikia. Nilipanda jana. Ameinua kidole kimoja." Nilipanga kupanda Jumamosi nimwombe radhi kimyakimya, yeye na mimi tu, mambo yaishe. Ijumaa usiku Mwalimu akafariki.

Sasa kwenye ndoto tuko makaburini, na ni maziko yake. Wapigaji tumesimama kwa mstari kama tunavyosimama siku zote, mimi mwanzoni na lile flugeli, na Mwalimu yumo ndani ya mstari. Amesimama kati ya wale wa sauti ya pili, mikono mitupu, kofia amekumbatia kifuani. Amelipa kaburi kisogo, anatusikiliza. Mchungaji anainua mkono. Naanza.

Katika ubeti wa pili pistoni ya kati inakwama. Ndivyo ilivyokuwa siku yenyewe: asubuhi ya baridi ya mlimani, na pistoni ikashuka isipande. Noti ikatoka kali kama bati linalokwaruzwa, ikapita juu ya vichwa vya wafiwa, na wenzangu wakanifuata huko huko juu kwa kuniheshimu, wimbo mzima ukapinda. Watu walidhani ni majonzi yangu. Kwenye ndoto natafuta uso wa Mwalimu nione kama amekasirika, lakini naona kisogo tu, na mabega ya koti la kijivu hayatikisiki.

Laiti lingeishia hapo. Flugeli lile lilikuwa bovu wakati wa baridi na afadhali kidogo wakati wa jua, na sisi tunapiga alfajiri. Miezi haikupita mingi watu wakaanza kusema. Si kwa ubaya, watu wa kwetu wana utani. "Mzee masikio yalikuwa yameshachoka." "Ugonjwa ule ulianzia masikioni." Wakalipachika jina: bati la Mwalimu. Nani anapiga bati la Mwalimu leo? Wanacheka, nami natabasamu, napiga. Mtu aliyeweza kusikia pistoni yako inahitaji mafuta akiwa ng'ambo ya bonde, jina lake likawa la chombo kibovu, na mimi niliyelichagua nikawa yule aliyeaminiwa.

Lakini hata hilo si kubwa kuliko alilonifanyia Mama Eliza, au niseme nililomfanyia mimi. Msibani, siku ya tatu, alinikuta nyuma ya nyumba nakata kuni, akasimama karibu yangu.

"Ati Jumatano ulikuja?" akaniuliza.

Wanakikundi walikuwa wamesimama hatua chache tu. Nikasema, "Nilikuja, Mama. Ulikuwa gulioni."

Akatikisa kichwa taratibu. "Jioni niliporudi aliniambia hukuja. Aliniambia, nimekaa tangu asubuhi, Yona hakuja. Kumbe ulikuja akasahau." Akaokota ukuni mmoja, akauweka juu ya rundo. "Ijumaa alinishika mkono akaniambia maneno ambayo hajawahi kuniambia tangu tuoane. Nilifurahi sana. Sasa sijui kama alikuwa yeye, au ni akili iliyokuwa inamtoka."

Niliendelea kukata kuni. Miaka mitatu nimeendelea kukata kuni.

Mstari wa wapigaji unayeyuka, makaburi hayapo. Nimesimama mlangoni pa chumba cha Mwalimu. Sijui nimefikaje, njia ile haikuisha, lakini nimefika. Dirisha liko wazi ingawa nje kuna baridi, ili sauti iingie. Redio imezimwa. Kuku wamefukuzwa uani. Ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa lile koti juu ya nguo za kulalia, ameelekea ukutani, mgongo wake kwangu, mkono mmoja juu ya goti umeshajiandaa. Amekaa hivyo siku nzima. Nauona uji wake kwenye kikombe, umeganda, hakuugusa asije akapitwa na noti ya kwanza. Sikuwahi kuliona jambo hili maishani, kwa sababu sikuwepo, na ndilo jambo ambalo kwa miaka mitatu nilijizuia kulifikiria. Sasa naliona mpaka uzi uliolegea kwenye mkono wa koti lake.

Natazama mikononi mwangu, sina sanduku wala mfuko.

"Mwalimu," nasema, "nimekuja."

Akageuka. Usiku mzima ule hiyo ndiyo mara pekee aliyogeuka. Nilitarajia hasira, ningeipokea hasira kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa kawaida, uso wa mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyechelewa darasani.

"Leo si Jumatano," akasema.

Nikaanza kusema habari za mvua. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema mvua ilikuwa kubwa, na njia ilikuwa na utelezi, na masanduku yalikuwa mazito. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Kisha nikasema, "Nimetumwa tena kuchagua. Nisaidie, Mwalimu. Safari hii nitachagua lile unalotaka wewe."

"Tarumbeta mtanunua," akasema. "Kamwambie Mama Eliza hukuja."

Akarudi kuelekea ukutani, akauweka mkono juu ya goti kama mwanzo. Nilibaki mlangoni nikisubiri aongeze neno, hata la kunilaani. Baridi ilikuwa inaingia dirishani na sikuwa na uwezo wa kulifunga.

Niliamka vidole vyangu vitatu vinabonyeza blanketi. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Nakijwa alikuwa ameketi kitandani ananitazama.

"Ulikuwa unaongea," akasema.

"Nilisema nini?"

"Sikuja. Ulisema sikuja, sikuja. Hukuja wapi?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, mgahawa na chai mbili, kidole nilichokibuni, na maneno ya Mama Eliza kule kwenye kuni. Nilidhani itachukua muda mrefu, kumbe dhambi ya miaka mitatu inasimulika kabla chai haijachemka. Nakijwa hakunikatiza. Nilipomaliza akajifunga kanga vizuri.

"Mama yule nimelima naye, Baba Neema," akasema mwishoni. "Nimechambua naye maharage. Mara ngapi ameniambia, mume wangu alinifia akiwa ameshaondoka kichwani. Na mimi namfariji. Namwambia, ndiyo uzee, Mama. Umeniacha nimwambie hivyo."

Ilinichoma kuliko ndoto.

"Chai utakunywa ukirudi," akasema.

Nikavaa. Kikundi nitawaeleza kwenye mazoezi, wakinivua nafasi yangu wana haki, na wakimtuma mwingine mjini nitamwelekeza kubonyeza, kuvuta na kupiga polepole, kisha ampe mtu mwenye masikio akae ng'ambo ya migomba. Hilo la flugeli lilikuwa limekwisha kichwani mwangu kabla sijafika njia panda. Nilipita mgahawa wa chai ukiwa bado umefungwa. Nikapanda ile njia ya mawe, mparachichi, kanisa dogo, kisima. Nyumba ilikuwa pale pale, si mbali hata kidogo. Hiyo nayo iliniuma, kwamba si mbali.

Mama Eliza alikuwa uani, anamkatia ng'ombe shina la mgomba kwa panga. Aliponiona akaliweka lile panga chini, kwa sababu mtu akija nyumbani kwako alfajiri hivi, huja na habari ya kifo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwandaa. Nilimwona amesimama na utomvu wa mgomba mikononi, nikaona nikianza na mvua sitafika.

"Ile Jumatano sikuja," nikasema. "Mwalimu hakusahau. Alikuambia kweli. Mimi ndiye niliyedanganya. Hata tarumbeta lile hakulisikia kamwe."

Ng'ombe alinyoosha shingo akavuta kipande cha mgomba chini ya miguu yake, Mama Eliza hakumzuia. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kuteremka.

"Sema tena," akasema. "Polepole."

Nikasema tena, neno kwa neno, kwamba sikuja, kwamba mumewe hakusahau. Alinisikiliza akinitazama mdomoni. Kisha akakaa juu ya lile rundo la mashina ya mgomba, mzito, mikono juu ya mapaja.

"Kwa hiyo na yale ya Ijumaa," akasema, si kwa kuniambia mimi, "alikuwa anayasema yeye."